Takwimu za ziwa zitoke kwenye disketi wakati walioziandika bado wapo

Joto la maji ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913 tunalijua. Lilipimwa na watu waliokuwa na kipimajoto, kamba ndefu na daftari, na yaliyoandikwa daftarini yakachapishwa. Mmoja wa wachunguzi wa wakati ule ni daktari Mbelgiji Louis Stappers, ambaye samaki wetu mukeke anabeba jina lake mpaka leo kwenye vitabu vya sayansi: Lates stappersii. Miaka tisini baadaye, mwaka 2003, makundi mawili ya watafiti, moja la Catherine O'Reilly na jingine la Piet Verburg, yalichukua vipimo vya zamani, yakavilinganisha na vya siku zao, yakaonyesha kwamba ziwa linazidi kupata joto, kwamba maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na kwamba chakula cha samaki kinapungua. O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki wa kuvuliwa kwa karibu asilimia 30. Hoja ya kupanda kwa joto ilisimama juu ya karatasi iliyosomeka.

Sasa uliza jambo la karibu zaidi. Machi 1994, usiku wa giza, katamarani moja iliyotia nanga Gitaza ilileta kilo ngapi za ndagala, dagaa wa ziwa hili? Kilo hizo zilihesabiwa. Palikuwa na mtu pwani mwenye mizani, fomu na kalamu. Fomu zake zilipelekwa ofisini, zikaingizwa kwenye kompyuta, zikawekwa kwenye disketi. Leo, hapa komine ya Muhuta, Burundi, ukitaka kuzisoma sawasawa huna budi kwanza kuifufua kompyuta ya wakati ule. Karatasi ya 1913 bado inasema. Disketi ya 1994 imenyamaza, na watu waliojua maana ya kilichomo wanazeeka.

Nina kibanda cha fotokopi na kuchapa kando ya barabara ya taifa namba 3, pale Gitaza. Kazi yangu ya kila siku ni vyeti, barua za maombi, mikataba ya mashamba, na vitabu vya wanafunzi wanaomaliza chuo. Mteja aliyeniingiza kwenye jambo hili ni mzee aliyestaafu kazi ya kuhesabu samaki. Alikuja na boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya wavu, ndani mna disketi, akauliza kama naweza kumtolea karatasi zake. Alikuwa kwenye ubishi na vijana wa ushirika wa wavuvi. Wao walisema ndagala hawajapata kuadimika kama miaka hii. Yeye alisema waliwahi kuadimika, na kwamba takwimu alizoziingiza kwa mkono wake mwenyewe zingewaonyesha.

Nilizitoa. Yaliyonipata katikati ya kuzitoa ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu naamini katika makabati ya Rumonge, Bujumbura, Uvira na Kigoma yamo maboksi mengine kama lile, na yanasubiri kutupwa.

Kijana asiyezijua kompyuta za miaka ile anastahili maelezo mafupi. Disketi ya inchi tatu na nusu ilibeba megabaiti 1.44, yaani picha moja ya simu ya leo mara nyingi haitoshi humo. Kampuni ya Sony, iliyobaki kuwa mtengenezaji mkubwa, iliacha kuziuza mwaka 2011. Takwimu za mzee ziliandikwa kwa programu iitwayo dBASE III, iliyotoka mwaka 1984 na kuenea kwenye ofisi za dunia nzima, na programu hiyo ilikaa juu ya mfumo wa DOS: skrini nyeusi, maandishi tu, hakuna kubofya. Kompyuta ya leo haiwezi kuiendesha. Hapo ndipo inapoingia emuleta, programu inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani. Ninayotumia mimi ni DOSBox, ambayo ipo tangu 2002, ni ya bure, na iliundwa na watu waliotaka kucheza michezo ya zamani. Nawashukuru kwa moyo wote, maana hawakujua kwamba siku moja kazi yao ingehesabu ndagala wa Muhuta.

Ukiifungua, ndani ya kompyuta yako kuna kompyuta ya pili. Ya nje ina mwaka wa leo, ya ndani inaishi miaka ya 1980. Kati yao kuna mlango mmoja, nao ni folda. Unaiambia DOSBox: folda hii ya kwangu, wewe ione kama diski yako C. Faili unayoiweka humo kutoka nje inaonekana ndani, na faili inayoandikwa ndani inatokea nje. Ukiongeza faili kutoka nje na ya ndani haijaiona, unabonyeza Control na F4 ili isome folda upya. Lakini mlango huo hauna mlinzi. Amri ya kufuta ukiitoa kwa dBASE, kinachofutika ni faili yako halisi. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, disketi inasukumwa kile kitufe chake cha plastiki mpaka tundu liwe wazi, ili isiandikike. Kisha inatolewa picha kamili ya diski nzima kwa kisomeo cha USB, baiti kwa baiti. Picha hiyo inafungiwa mahali pasipoguswa, na kazi yote inafanywa kwenye nakala.

Najua wenye ujuzi watakachoniambia, kwa sababu wameshaniambia: mama, kwa nini ujisumbue na emuleta? LibreOffice inafungua faili za dBASE moja kwa moja, bila DOS, bila skrini nyeusi. Ni kweli. Inazifungua kufumba na kufumbua, na ukiangalia safu zimepangika vizuri unaweza kudhani kazi imekwisha. Mimi nasema hapo ndipo hatari inapoanzia.

La kwanza kuonekana ni dogo na halina madhara makubwa. Ofisi ziliandika kwa Kifaransa. Neno la Februari, février, lilitokea kama f‚vrier, na la Agosti, août, kama ao–t. Sababu ni kwamba kompyuta za DOS ziliipa herufi é namba 130, na mpangilio wa herufi wa Windows uliokuja baadaye unaipa namba hiyo mkato wa chini. Ukijua, unaiambia programu isome kwa seti ya herufi namba 850, na maneno yanarudi. Usipojua, utafuta zile herufi za ajabu ukidhani ni uchafu, na miongoni mwake yamo majina ya pwani na ya watu.

La pili lina uzito zaidi. dBASE haifuti rekodi unapoiambia ifute. Inaitia nyota mwanzoni na kuiacha pale pale mpaka mtu atoe amri ya kusafisha. Mzee alikuwa na rekodi nyingi zenye nyota. Mtumbwi ulipotua Gitaza kisha ukauza sehemu ya mzigo pwani nyingine, wahesabu wawili waliuandika, na yeye aliporudi ofisini alitia nyota kwenye mmoja. Programu nyingine za leo huzificha rekodi hizo, nyingine huziacha zikae katikati ya rekodi hai bila alama yoyote. Ukiangukia zile za pili, samaki mmoja amevuliwa mara mbili. Ukiangukia zile za kwanza, umepoteza ushahidi kwamba palikuwa na mtu makini aliyesahihisha. Mimi naona rekodi zote zitolewe, na iongezwe safu inayosema ipi ilikuwa na nyota.

Kisha kuna umeme. Kila faili ya dBASE ina maelezo kichwani, na moja ya maelezo hayo ni idadi ya rekodi. Idadi hiyo huandikwa faili inapofungwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika kabla, rekodi za mwisho zinaweza kuwa zimeshafika kwenye diski huku kichwa kikiwa bado na hesabu ya zamani. Programu nyingi huamini kichwa, na zinaishia pale. Kwenye disketi mojawapo ukubwa wa faili haukulingana na idadi iliyotajwa. Nilimuuliza mzee, akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe ulizaliwa umeme wa ofisini ukiwa hivi hivi." Zile rekodi za mkiani zilikuwepo, nzima, kilo na tarehe.

Tarehe zenyewe ni kisa chake. dBASE ni ya Marekani, na isipoambiwa vingine inataka mwezi utangulie siku. Sisi tunatanguliza siku. Karani wa Burundi aliyeandika 05/03/94 akimaanisha tarehe tano Machi, mashine ilihifadhi tarehe tatu Mei. Alipoandika 13/03/94, mashine ilikataa, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Mzee alikumbuka vizuri ukaidi huo. Alisema mashine ilikuwa ikikubali mwanzoni mwa mwezi na kugoma baadaye, nao wakawa wanaitafutia mbinu, mpaka alipokuja fundi akaiwekea utaratibu wa Kifaransa. Maana yake ni kwamba katika miezi ya kwanza, samaki wa siku kumi na mbili za mwanzo wa mwezi wametawanyika mwaka mzima, na wa siku zinazofuata wamekaa mahali pao. Mtafiti wa mbali atachora mchoro kutoka kwenye faili hizo, ataona mawimbi, naye atayatafutia sababu kwenye upepo.

Kilichotuokoa ni majina ya faili. DOS iliruhusu herufi nane na tatu za mkia, hivyo makarani walibana maana: NDAG9403.DBF ni ndagala, mwaka 94, mwezi wa tatu. Rekodi yoyote ndani ya faili hiyo yenye tarehe ya Mei tulijua imepotea njia, tukaisahihisha kwenye nakala, tukaiacha ilivyo kwenye ile ya asili. Sasa fikiria mtu mwenye nia njema aliyezihamishia faili kwenye flashi na kuzipa majina marefu ya kupendeza ili zieleweke. Kwanza emuleta itayakata majina hayo katikati na kutia alama ya wimbi na namba. Pili atakuwa amefuta shahidi pekee aliyebaki wa mwezi wa kweli. Ndiyo maana nasisitiza faili za zamani zisibadilishwe jina, hata kama jina ni baya. Tarehe za faili nazo zibaki, hata zile zinazosema 1 Januari 1980, ambazo maana yake ni kwamba betri ya ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa siku ile.

Nimefika kwenye jambo ambalo hakuna programu, ya zamani wala mpya, ingenipa. Katika safu ya kilo kulikuwa na sifuri nyingi. Programu ya dBASE III haitofautishi sana kati ya namba iliyoachwa tupu na sifuri. Ukiitaka ikokotoe, tupu nayo ni sifuri. Nilipozitoa kwenda kwenye jedwali la kisasa zikaja zote zikiwa sifuri, mistari na mistari. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesoma kwamba ziwa halikutoa kitu.

Mzee aliomba turudi ndani ya emuleta, tufungue fomu ile ile aliyokuwa akiijaza. Ilipotokea kwenye skrini, na vichwa vyake vya Kifaransa na nafasi zake za kujaza, alianza kuizungumzia kama mtu aliyeingia chumba alicholala miaka mingi. Kando ya kilo kulikuwa na kisanduku cha tarakimu moja ambacho fomu haikukieleza, na kwenye jedwali langu kilikuwa safu isiyo na maana. "Hii 1, mwanangu, ni mbalamwezi," alisema. "Taa haifanyi kazi mwezi ukiwa mkubwa, ndagala hawaji, watu hukaa nyumbani wakishona nyavu. Hii 2, samaki hawakupatikana kweli. Na hii 9 ni usiku ambao hakuna aliyethubutu kwenda majini." Tarehe zenye 9 zilikuwa nyingi baada ya Oktoba 1993, vita vilipoanza. Hakuhitaji kunieleza zaidi, na mtu wa ufuko huu anayesoma haya naye hahitaji. Nilimuuliza kuhusu mistari ambayo kisanduku kilikuwa kitupu. Akasema, "Hapo mimi sikuweza kufika."

Sifuri nne, za aina nne. Mwezi, uhaba, hofu, na karani asiyefika. Kwa macho ya kompyuta mpya zote ni namba ile ile. Ukizijumlisha bila kuuliza, utasema samaki waliondoka wakati ambapo walioondoka majini ni watu, na kosa hilo likishaingia kwenye ripoti yenye jalada zuri hakuna atakayelifuata tena mpaka kwenye boksi la viatu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Faili za ziwa zihamishwe sasa, zihamishiwe kwanza kwenye emuleta na si moja kwa moja kwenye jedwali la kisasa, na kazi hiyo ifanyike hapa pwani, aliyeziandika akiwa amekaa kando ya anayezihamisha. Kila kitu kingine kinaweza kusubiri bajeti. Kisomeo cha disketi cha USB kitanunuliwa mwakani kama hakikununuliwa mwaka huu. Mzee anayejua kwamba 9 ni usiku wa hofu hanunuliki.

Uingereza ilipata somo la aina hii kwa gharama kubwa. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, ile sensa ya mali iliyoandikwa 1086, shirika la BBC lilikusanya picha na maelezo ya nchi nzima, wakishiriki watoto wa shule kwa wingi, na kuyaweka kwenye diski kubwa za leza zilizosomwa na kompyuta maalumu. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashine za kuzisoma zilikuwa zimebaki za kuhesabu, ilhali kitabu cha ngozi cha 1086 kinasomeka hadi leo. Watafiti wa Leeds nchini Uingereza na Michigan nchini Marekani waliunda emuleta mwaka 2002 ili kuziokoa. Wao walikuwa na vyuo vikuu viwili nyuma yao, na bado ilikuwa kazi. Walifaulu kwa sababu walianza wakati mashine chache na watu waliozijua bado walikuwapo.

Huku kwetu hatuanzii patupu. Mwaka 1992 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa fedha za Finland, lilianza mradi mkubwa wa utafiti wa Ziwa Tanganyika, na vituo vyake vilikuwa Bujumbura, Uvira, Kigoma na Mpulungu. Mwaka 1995 walihesabu pwani zote za nchi nne kwa wakati mmoja, wakakuta wavuvi karibu 45,000. Ripoti za mradi ule zipo na zinasomwa. Nazitegemea, nawaheshimu waliozifanya huku risasi zikilia. Lakini ripoti ni muhtasari. Inakupa wastani wa mwezi, nchi kwa nchi. Haikupi usiku mmoja wa Gitaza, wala haikupi kisanduku cha 9. Atakayetaka miaka hamsini ijayo kufanya kile alichofanya O'Reilly na vipimo vya 1913 atahitaji usiku kwa usiku.

Hesabu hizo zinahitajika hata sasa, kwa sababu maamuzi makubwa yanafanywa tayari. Nchi nne zilitia saini mkataba wa ziwa jijini Dar es Salaam mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana na mkataba huo ina makao yake hapa Bujumbura. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Sipingi kufunga ziwa. Nimeona ndagala wachanga wakianikwa mchangani, na naona haya kila ninapowapita. Ila mtu anayeambiwa avute chombo chake nchi kavu kwa miezi mitatu, na watoto wana karo, ana haki ya kuonyeshwa hesabu, na hesabu hiyo lazima ifike nyuma zaidi ya kumbukumbu yake mwenyewe. Vijana wa ushirika walipoketi na karatasi za mzee, walikuta miezi ya uhaba wa kweli, ile yenye 2 mfululizo, na baada yake ndagala wakarudi. Walikuta pia kwamba vyombo vilivyokuwa vikitoka pwani hii wakati ule vilikuwa vichache sana kuliko leo. Mzee alishinda upande mmoja wa ubishi, wao wakashinda mwingine. Nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza walikuwa wakibishana juu ya kitu kilichopo mezani.

Ipo pia hatari ya maji. Mwishoni mwa Machi 2015 mlima ulishuka juu ya Gitaza, nyumba zikafunikwa, watu wetu wakafa, barabara ikakatika. Kisha ziwa lenyewe likaanza kupanda. Wazee walikuwa wakitusimulia kupanda kwa 1964, sisi tukaja kuona kwa macho yetu, na kufikia 2024 maji yalikuwa ndani ya nyumba na ofisi za ufukweni, kuanzia Gatumba hadi Rumonge. Disketi iliyolowa maji ya matope ina diski ya ndani ya sumaku iliyooza. Hata isiyolowa, unyevu wa hewa ya ziwa unaiotesha ukungu, na kisomeo kikiupitia kinakwangua kila kitu. Tulizipata disketi za mzee nyingi zikiwa salama kwa sababu alizihifadhi kwenye begi la plastiki juu ya dari, karibu na jiko la mkewe, moshi na joto vikafukuza unyevu. Nyingine hazikusomeka, na miezi ile imekwenda.

Kuna ofisi moja, sitaitaja, ambayo mzee alipoipelekea habari hii alijibiwa kwamba kila kitu cha zamani kimeshahamishwa. Tulipoomba kuona, tulionyeshwa jedwali moja lenye jumla za mwezi kwa mwezi. Jumla hizo zilikuwa na Machi 1994 yenye samaki wachache mno, na samaki wake wengine wametawanyika kwenye miezi mingine. Msomaji sasa anajua kwa nini.

Neno moja kwa watakaoifanya kazi hii kwa moyo safi. Faili hizi zina majina ya wenye vyombo, na katika miaka ile kujulikana ulikuwa wapi usiku fulani halikuwa jambo dogo. Nakala ya kutangazwa iondolewe majina, iachwe pwani, chombo, tarehe, kilo na alama. Nakala kamili ikae chini ya ufunguo, na familia za waliotajwa zikiuliza zijibiwe.

Kwa ofisi za serikali na za miradi ya zamani: msichome boksi lolote la disketi kabla mtu hajatoa picha zake kamili. Kwa Mamlaka ya Ziwa: watafuteni wahesabu wa zamani wa nchi zote nne, wengi wamestaafu na wanaishi pwani zile zile walizozihesabu, muwalipe kwa siku za kukaa mbele ya fomu zao. Kwa vyuo vyetu: mwanafunzi wa kompyuta anayetafuta kazi ya kumalizia masomo anaweza kuandika maelezo ya kila safu na kila alama ya kituo kimoja. Maelezo hayo yakae kwenye folda ile ile zilimo faili, kwa maandishi ya kawaida, yasiyohitaji programu yoyote kusomeka. Ningeyachapa pia kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae mbali na ufuko.

Chini kabisa ya boksi la mzee kulikuwa na disketi za aina nyingine, zile pana na laini za inchi tano na robo, zenye lebo za miaka ya 1980, kabla ya zote nilizozieleza. Kisomeo changu hakizipokei. Zinahitaji mashine ya zamani yenyewe, au kisomeo chake kilichong'olewa kutoka humo pamoja na kebo yake pana na kuunganishwa kwa kadi maalumu. Mwenye nacho Rumonge, Uvira, Kigoma au popote kando ya ziwa, hata kama kimelala stoo na hajui kama kinafanya kazi, akilete au anipe habari kupitia gazeti hili. Mzee yuko tayari kukaa.